Masikio ya Ardis

Ardis Kvamme alipewa masikio, mimi nikapewa mdomo. Nalisema mapema msije mkafika katikati ya habari mkaguna, "Kumbe huyu mama ana kijiba cha roho!" Ninacho, tena kikubwa. Nimekuwa nacho tangu Jumamosi ile ya mwezi wa tano alipoteremka kutoka kwenye gari lake lenye kutu, akachomeka suruali kwenye soksi kuzuia kupe, akaniuliza kwa upole kama bado kuna nafasi kwenye mitumbwi.

Nafasi ilikuwepo. Laiti ningemwambia imejaa.

Wakati huo mimi, Lavonne Becker, nilikuwa nimeongoza safari za Jumamosi za Hifadhi ya Mto Alder kwa miaka kumi na tisa. Kazi ya kujitolea, hakuna aliyenilazimisha. Kutoka kituoni tunatembea juu ya tuta kiasi cha nusu saa, wageni wakipiga soga na mimi nikiwanyamazisha, halafu tunafika gatini, tunapanda mitumbwi, tunapiga kafi polepole katikati ya matete mpaka jua likolee. Kiongozi hukaa omo, mbele kabisa. Akisikia ndege anainua mkono, na mkono ukiinuka makafi yote yanatulia, hakuna anayethubutu hata kukohoa mpaka kiongozi ataje jina. Hamjui raha yake, nyie. Watu kumi na wawili wanakata pumzi kwa ajili ya mkono wako! Tangu mume wangu Leroy azikwe, Jumamosi ndiyo ilikuwa siku pekee katika juma ambayo kuna mtu ananingoja.

Sasa huyo Ardis alikuwa nani? Mtu wa kawaida tu, wa hapa hapa kwetu Minnesota, hajaolewa, anaishi na kaka yake na mbwa wawili wazee. Miaka thelathini na mmoja alisambaza barua mashambani. Kazi hiyo huifanyi ukiwa umefunga dirisha. Visanduku vya barua viko kando ya barabara, kila baada ya hatua chache unatoa mkono. Kwa hiyo dirisha lake lilikuwa wazi kiangazi, wazi kwenye theluji. Wenzake walisikiliza redio. Yake iliharibika mwaka wa pili, akaona uvivu kuitengeneza, akawa anasikiliza mashamba. Ndege wote wa wilaya aliwajua kwa sauti kabla hajajua hata mmoja anaitwaje, akawa anawaita kwa majina ya wenye mashamba. "Huyu ni wa kwa akina Swenson," anakwambia. "Yule wa kule ni wa mjane Haugen." Darubini yake ilikuwa ya kaka yake ya kuwindia kulungu, kamba yake imekatika, ameifunga kwa uzi wa kiatu.

Yangu niliitunza kwenye mfuko wa ngozi. Nilimwona, nikacheka kimoyomoyo.

Tukafika Mbuga ya Kaskazini, pale matete yanapokwisha na majani mafupi ya majimaji yanapoanza. Niko omo, mkono wangu mapajani, sisikii kitu ila mbu. Nyuma yangu sauti ikanong'ona:

"Samahani jamani, wale si shomoro wa majani? Nawasikia watatu. Mmoja yuko pale penye kichaka kilichoinama."

Shomoro wa majani ni ndege mdogo, uso rangi ya chungwa, anakimbia chini ya majani mithili ya panya. Watu huendesha gari siku mbili kuja kumtafuta na wanarudi kwao hawajamwona. Sauti yake ni ya kiberiti kinachowashwa, tsss, basi, imekwisha.

"Hakuna kitu hapo, bibie," nikasema bila hata kugeuka.

"Pengine nimekosea," akasema.

Hakukosea. Maneno hayajamtoka vizuri, ndege akapanda juu ya ua kavu pale pale penye kichaka kilichoinama, akakaa, akajionyesha mbele na nyuma kama bibi harusi. Wageni wakapiga yowe la kunong'ona. Darubini zote zikaelekea kwa ndege, kisha, mnielewe hapo, nyuso zote zikaelekea kwa Ardis.

"Mama, umejuaje?"

"Alikuwepo mmoja kwa akina Swenson, karibu na kisanduku chao. Alikuwa ananisalimia."

Wakacheka, wakampenda palepale. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sikupona, niliugua.

Jumatatu nilikwenda kupimwa masikio, tena mji wa pili ili nisionwe na mtu wa kwetu. Daktari akanivika vidubwasha, akanipa kitufe, akasema nibonyeze kila nikisikia mlio. Nikakaa, nikatulia, kidole tayari, nikamngoja aanze. Akaja akanivua. "Tumemaliza, mama," akasema. Sauti nene nazisikia safi kabisa, akanieleza, ila zile nyembamba za juu zimekwenda na hazitarudi. Vifaa vya kusikilizia vingenisaidia kwenye mazungumzo. Kwa ndege wa sauti ya kiberiti hakuniahidi kitu.

Nikajiambia sitamwambia kiumbe. Nikaanza kusikia kwa kumbukumbu. Miaka kumi na tisa si mchezo. Najua nani anaimba kwenye mti mkavu na nani anaimba darajani. Nikifika mahali pake nainua mkono, nataja jina, na wageni wanatikisa vichwa kwa heshima, maana mgeni ukimwambia amesikia, husikia. Lakini Ardis hakutikisa kichwa. Alikuwa anainama, anatazama kafi lake, kama mtu aliyekuona kanisani zipu yako iko wazi na anaona haya kwa niaba yako. Angenibishia ningemjibu. Hakunibishia hata siku moja, na roho iliniuma zaidi.

Nikamfanyia visa. Nikampanga mtumbwi wa mwisho kabisa, pamoja na Bwana Duane Fisk, ambaye alikuja kila Jumamosi kutusimulia upasuaji wa goti lake. Nikasema leo masikio yako yatajaa goti, tuone. Tukarudi gatini, Duane anang'aa.

"Lavonne, nimesikia korongo wanne! Na yule ndege wa kwenye mafunjo anayevuma kama pampu! Huyu mama kanifundisha kufumba macho. Kwa nini hakai mbele?"

"Na wewe kwa nini hawakukukata ulimi walipokuwa wanakata goti?"

Watu wakacheka, nikacheka nao. Ardis alikuwa anafungua bati la keki ya rabarba, ule mmea mchachu wa bustanini, aliyoipika mwenyewe. Akanichagulia kipande cha pembeni, kile cha ukoko, kwa sababu aliwahi kuona napenda ukoko. Nilikila. Kilikuwa kitamu, na utamu wenyewe ukaniudhi mpaka nyumbani.

Tukaenda hivyo mwaka mzima. Kisha ikaja hesabu ya ndege ya mwezi wa sita. Kila mwaka tunaifanya alfajiri kwa mitumbwi, vituo kumi, kila kituo dakika tano za kusikiliza, unaandika ulichosikia. Anayeisimamia ni Curtis Odegaard, mtaalamu wa hifadhi, mtu wa makamo, mpole mpaka anachosha. Mwaka huo akabadilisha utaratibu.

"Kila mtumbwi watu wawili," akatangaza, "na kila mtu karatasi yake. Hakuna kunong'onezana, hakuna kuonyeshana kidole. Mkirudi nitalinganisha. Na naomba sana mnisikilizie vizuri kituo cha sita, Mbuga ya Kaskazini. Maji yamepanda mno mwaka huu. Kama shomoro wa majani bado wapo, nitayaacha yalivyo nisije nikawavuruga kwenye viota. Kama wamehama, nafungua lango la maji kesho, yashuke, pengine watawahi kurudi wakalee vifaranga hata mara moja kabla ya baridi."

Halafu akaniita pembeni, karibu na rafu ya makafi.

"Lavonne, usinifikirie vibaya. Kuna wageni wameandika. Wanasema unawatajia ndege ambao hawapo."

"Wageni gani? Wale wanaokuja na viatu vyeupe?"

"Karatasi yako ikilingana na ya mwenzako, nitawajibu kwamba wamekosea, na yameisha. Isipolingana, Jumamosi itabidi nimpe mtu mwingine. Anayeongoza lazima asikie."

"Sawa. Na mwenzangu nani?"

"Ardis."

Mungu naye ana utani wake.

Usiku huo sikulala kwa kupanga mbinu. Alfajiri tukatembea juu ya tuta, ukungu umelala juu ya maji, Ardis mbele yangu anasimama kila hatua tatu kusikiliza, uso wake umeinuka kama mtoto anayenusa mkate. Nilitamani nimsukume majini. Nasema kweli, nilitamani. Mtu amefika miaka sitini na sita, hajui kuvaa, hajui kujisifu, na dunia nzima bado inamnong'oneza! Mimi niliyesoma vitabu, niliyekariri kanda za sauti za ndege wakati Leroy amelala, mimi dunia imenifungia mlango.

Tulipofika gatini nikamwambia, "Leo kaa wewe omo. Mgongo wangu haunitendei haki."

Akanitazama. Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kukaa omo nikiwepo.

"Una hakika, Lavonne?"

"Panda, shoga, mbu watatumaliza."

Nilikuwa na sababu yangu. Ukiwa nyuma, tezini, unamwona mwenzako mgongo mzima. Karatasi yake sikuiona, lakini kiwiko cha kulia nilikiona vizuri sana. Kiwiko kikicheza, kaandika. Naye akiandika, mimi nautazama mti, nayatazama maji, naikumbuka miaka yangu, najua pale anakaa nani. Kituo cha kwanza kiwiko mara nne, nikaandika wanne. Cha pili, mara mbili. Cha tatu, bata bukini walipita na makelele yao, hao niliwasikia mwenyewe, nikafurahi kama nimefufuka. Cha nne na cha tano vikaenda vizuri. Nilianza hata kujipongeza. Masikio unayo wewe, nikamwambia mgongo wake kimoyomoyo, lakini akili ninayo mimi.

Tukaingia Mbuga ya Kaskazini. Maji yalikuwa yamefunika majani, vichaka vimesimama vimeloa mpaka kiunoni. Ardis akaweka kafi, akatulia. Dakika ya kwanza, kimya. Ya pili, kiwiko kikacheza. Ya tatu, kikacheza tena, haraka haraka. Ya nne, mara ya tatu. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: shomoro wa majani, watatu. Nikaona Jumamosi zangu zimerudi mkononi.

Tulipomaliza tukarudi kituoni, tukaweka karatasi zetu mezani, ubavu kwa ubavu. Curtis alikuwa amekwenda chumba cha pili kutuletea kahawa. Ardis akainama kutafuta miwani yake, akaivaa, macho yake yakaangukia kwenye karatasi yangu.

"Lavonne," akanong'ona, "kituo cha sita uliwasikia wapi?"

"Palepale walipo siku zote."

"Mimi sikusikia hata mmoja. Wamehama, maskini. Nilikaa najikuna tu, mbu wameniuma kiwiko mpaka nikataka kulia."

Mbu. Nilikuwa nimehesabu mbu watatu nikaandika shomoro.

Nikahisi uso wangu unawaka mpaka shingoni. Ardis si mjinga. Aliangalia kiwiko chake chenye mavimbe, akaangalia karatasi yangu, akaniangalia mimi, na nikaona anaelewa yote, hatua kwa hatua. Mbinu ya tezini, wageni walioandika, mwaka mzima wa kuinua mkono mahali pasipo na ndege. Nikangoja aseme. Nilikuwa tayari hata kwa kucheka kwake.

Hakucheka. Akachukua penseli. Kwenye karatasi yake, kituo cha sita palikuwa na kistari tu, maana yake hakuna ndege. Akakifuta kwa kifutio, akapuliza uchafu, akaandika tatu. Nawaambia, huyu ni mwanamke ambaye mara moja alirudi maili kumi na mbili kwenye dhoruba ya theluji kwa sababu alitia kadi ya Krismasi kwenye kisanduku kisicho chake. Wilaya nzima inajua kisa hicho.

Curtis akaingia na vikombe. Akasoma karatasi, kidole kikishuka huku na huku, uso wake ukaanza kukunjuka.

"Zinalingana! Karibu mstari kwa mstari. Lavonne, unisamehe sana, wale wageni nitawajibu leo hii." Akafika kituo cha sita. "Na shomoro wapo! Hata na maji yote yale! Basi lango silifungui, niwaache na viota vyao."

Ardis akafungua mdomo. Nilimwona. Hakuwa amefikiria habari ya maji. Alinifikiria mimi tu. Sasa alikuwa anaiona mbuga ile imezama msimu mzima, na wale ndege wa kwa akina Swenson wanazunguka hawana pa kushuka. Akanitazama. Kisha, polepole, akaufunga mdomo, akashika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili.

Alikuwa amewaacha ndege wake kwa ajili yangu! Mimi niliyemfunga na Duane na goti lake! Hapo ndipo kijiba kilipopanda kooni kikanikaba. Masikio, sawa. Kupendwa na wageni, haya. Sasa na wema pia? Niishi mpaka nife huku nikijua kwamba hata kwa roho mbaya niliyomwonyesha, yeye ana roho nzuri kunishinda? Hapana. Hapana jamani.

"Futa," nikasema.

"Nifute nini?" Curtis akauliza.

"Kituo cha sita. Hakuna ndege pale. Mimi sisikii, Curtis. Mwaka wa pili huu sauti za juu sisikii kabisa. Nimenakili kiwiko chake."

"Kiwiko?"

"Kiwiko! Kikicheza naandika. Pale alikuwa anajikuna mbu."

Curtis akaketi kwenye kiti bila kuangalia kama kipo. Ardis akaniwekea mkono begani.

"Lavonne mwenzangu, haikuwa lazima."

"Nyamaza wewe! Na huo uongo wako ufute, haukupendezi hata kidogo." Nikamgeukia Curtis kabla hajapata la kusema, maana kama Jumamosi zinaondoka nilitaka nizitoe kwa mkono wangu. "Jumamosi mpe yeye. Usinipe pole, mpe tu."

Nikachukua darubini yangu nikatoka. Ardis akanifuata mpaka kwenye magari, anakimbia na vile viatu vyake vya mpira.

"Sikiliza," akasema, anahema. "Kaa wewe mbele kama kawaida. Mimi nitakaa nyuma yako. Nikisikia ndege nakugusa mgongo, wewe unataja. Curtis nitazungumza naye, ananisikia. Wageni nani atawaambia?"

Nilisimama pale, ufunguo wa gari mkononi. Msidhani nilikuwa nawaza heshima. Nilikuwa nawaza kukubali. Niliona kila kitu, mtumbwi, ukungu, watu wamekata pumzi, na kidole chake mgongoni mwangu. Ningeweza kwenda hivyo miaka kumi.

"Na ukiugua?" nikamwuliza. "Niwaambie wageni kiongozi amekwenda likizo na kidole chake?"

Akacheka huku machozi yanamtoka.

"Kaa mbele, Ardis. Mimi nitachukua mtumbwi wa Duane. Goti lake nalisikia vizuri."

Curtis alifungua lango kesho yake. Katikati ya mwezi wa saba Ardis alikuja kwangu na bati la keki, akaniambia wawili wamerudi, wanaimba kwenye kichaka kile kile. Mimi sikwenda kuhakikisha. Ningekwenda kuhakikisha kwa nini?

Siku hizi watu wa hifadhi wananiheshimu kuliko zamani. Wanasema Lavonne aliacha Jumamosi zake kwa ajili ya shomoro. Ardis ndiye anayelieneza; kila mgeni mpya anasimuliwa kisa changu pale juu ya tuta, na anakisimulia vizuri, sauti yake inashuka panapostahili. Wageni wananigeukia na macho yao laini. Si kweli. Sikuwafikiria shomoro hata dakika moja. Nilisema kwa wivu, kwa sababu nisingevumilia anishinde na kwa wema. Lakini sijamsahihisha, wala simsahihishi. Vingine vyote anavyo yeye, hilo moja aniachie.